KUPANDA MCHONGOMA, KUSHUKA NDIYO NGOMA
Baiskeli ya milimani yaundwa Iringa na kujaribiwa Tosamaganga

WATU wengi wanapoitazama baiskeli ya gia, swali la kwanza wanalouliza ni hili: Je, inapanda mlima? Swali hilo ni la haki, maana hakuna anayependa kuikokota baiskeli aliyoinunua ili imbebe. Lakini, ndugu msomaji, kwa mtu anayeishi Tosamaganga swali hilo ni nusu tu ya maswali yanayompasa. Nusu ya pili, tena iliyo nzito zaidi, ni hii: Je, ikishaanza kuteremka, itasimama?

Tosamaganga iko kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Iringa. Wasomaji wengi wanaifahamu kwa shule yake ya sekondari na kwa hospitali inayomilikiwa na Jimbo Katoliki la Iringa. Wamisionari Wabenediktini walifika huko mwishoni mwa karne ya 19, na Wakonsolata wakawafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni mahali pazuri, penye hewa safi na baridi kali miezi ya Juni na Julai. Lakini uzuri wa nchi ya milima una gharama yake. Mji wa Iringa wenyewe umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na chini yake unapita mto Ruaha Mdogo. Mtu atokaye mjini kwenda Tosamaganga hana budi kuteremka bondeni kisha apande tena. Na jioni anaporudi, mambo ni yale yale kinyumenyume. Hakuna upande ambao mlima umemhurumia.

Kwa familia nyingi za huko, bodaboda ndiyo jibu la kila siku. Lakini nauli ya kila siku, ikijumlishwa kwa mwezi, ni fedha inayoonekana. Ndiyo sababu mwandishi wenu alivutiwa na habari za familia moja iliyoamua kufanya hesabu nyingine. Baba ni mfanyakazi mjini. Mama hulima mboga na nyanya na kuzipeleka sokoni Iringa. Waliweka akiba kwa miezi kadhaa, wakaenda kwa fundi, wakamwambia: "Tuundie baiskeli ya mlima, itakayobeba mtu na mzigo, nasi tutaijaribu kabla hatujamaliza kulipa."

Fundi alikubali sharti hilo bila kusita. Ni mzee wa makamo mwenye kibanda kidogo mjini. Alituomba tusiliandike jina lake kwa kuwa, alivyosema, kazi yenyewe ndiyo inayomtangaza. Hebu tuifuate kazi yake hatua kwa hatua, maana ndani yake mna mafunzo kwa yeyote anayetaka kununua au kuundiwa baiskeli ya namna hii.

HESABU YA MENO

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini baiskeli ya kawaida hushindwa mlimani. Chukua baiskeli ya gurudumu la inchi 28, kama zile za Phoenix kutoka China ambazo zimewahudumia wananchi kwa miaka mingi. Tuseme gia yake ya mbele ina meno 46 na ya nyuma meno 19. Basi kila mara pedali zinapozunguka duara moja, baiskeli husogea karibu mita 5.4. Kwenye tambarare hilo ni jambo jema sana. Kwenye mwinuko mkali ni adhabu.

Sasa chukua baiskeli ya milimani ya gurudumu la inchi 26. Mbele ina gia tatu za meno 42, 34 na 24. Nyuma ina gia saba, kuanzia meno 14 hadi 28. Mpandaji akiweka mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma, duara moja la pedali humsogeza karibu mita 1.8 tu. Anapiga hatua ndogo, lakini nyepesi.

Tuseme wote wawili wanapanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo. Huyu wa gia nyingi atazungusha pedali kiasi cha mara 56 kwa dakika, mwendo ambao miguu huuzoea. Yule wa gia moja atazungusha mara 18 au 19 tu, na kila mzunguko atalazimika kusimama juu ya pedali na kuzikandamiza kwa uzito wake wote. Baada ya muda mfupi atashuka na kukokota. Wala hapaswi kuonewa haya: si mvivu, bali meno ya gia zake yamemsaliti.

KWA NINI MKIA MGUMU

Baiskeli za milimani ziko za aina nyingi. Zipo zisizo na shokapu kabisa. Zipo zenye shokapu mbele na nyuma. Na zipo zenye shokapu mbele tu, nyuma ikiwa fremu imara isiyonesanesa. Hizi za mwisho ndizo ambazo waundaji huziita hadteli, yaani zenye mkia mgumu. Fundi wetu alichagua aina hiyo bila kubahatisha, na sababu zake zafaa kusikilizwa.

Shokapu ya nyuma huhitaji viungo na bushi ambazo huliwa na vumbi, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Aidha, fremu yenye kiungo nyuma haikubali keria ya mzigo kwa urahisi. Na baiskeli isiyobeba mzigo, kwa mama anayepeleka nyanya sokoni, ni pambo. Shokapu ya mbele, kwa upande wake, huokoa mikono na mabega wakati gurudumu linapogonga mawe na mizizi, na hulifanya tairi lishike ardhi badala ya kurukaruka.

Hata hivyo mzee huyu hakuificha kasoro yake. "Shokapu ya bei ya chini yaweza kuwa mbaya kuliko kukosa shokapu," alisema huku akiishika moja na kuitikisa. "Ukiona inachezacheza ukiwa dukani, huko makorongoni itacheza ngoma." Namna yake ya kupima ni rahisi: bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Kama unasikia mgongano mikononi kabla gurudumu halijasogea, iache hapo hapo.

Fremu aliyoichagua ni ya chuma, iliyotumika ng'ambo na kupakwa rangi upya. Vingine karibu vyote ni vipya. Kwa nini si alumini, ambayo ni nyepesi zaidi? Jibu lake ni la kiutu uzima: chuma kikipasuka, mchomeleaji yeyote mwenye ujuzi mjini Iringa aweza kukiunga. Alumini huhitaji mashine yake maalumu, na joto la kuchomelea huipunguzia nguvu pale pale palipoungwa.

GURUDUMU NDILO MOYO

Wengi hudhani kazi kubwa ya kuunda baiskeli ni kufunga gia na waya zake. Sivyo. Kazi kubwa ni gurudumu. Kitu kinachoonekana chepesi kama utando wa buibui ndicho kinachobeba mtu, mzigo na mapigo yote ya njia.

Kila gurudumu la baiskeli hii lina spoku 36: 18 upande wa kulia wa habu na 18 upande wa kushoto. Nusu yake zinavuta kwa kuelekea mbele na nusu kwa kuelekea nyuma, na kila spoku inapishana na nyingine tatu kabla haijafika kwenye rimu. Mpishano huo una kazi yake. Nguvu ya miguu na nguvu ya breki ya diski huizungusha habu, na spoku zilizopishana ndizo zinazoipeleka nguvu hiyo kwenye rimu bila kukatika.

Spoku haibebi kama nguzo ya nyumba. Inavuta kama kamba ya hema. Kwa hiyo nguvu ya gurudumu haitokani na unene wa spoku peke yake, bali na mkazo ulio sawa. Mzee alikuwa akizikaza kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila moja, akizunguka gurudumu zima kabla ya kuongeza. Kisha akazidonoa kwa kidole moja baada ya nyingine, akisikiliza kama mpiga zeze anayetafuta sauti. Inayolia chini kuliko wenzake imelegea; inayolia juu imebanwa mno. Gurudumu la nyuma lilimchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu upande wa gia spoku hukazwa kwa nguvu kuliko upande wa pili ili rimu ikae katikati ya fremu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi: gololi na grisi kwenye habu, ekseli ya pedali, mnyororo, keria. Yapo mambo mawili ambayo huwatatiza watu majumbani, nayo yafaa kukumbukwa. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha desturi, yaani kuelekea kushoto. Na katika fremu nyingi, kikombe cha ekseli ya pedali kilicho upande wa mnyororo nacho hukazwa kinyume hivyo hivyo. Vijana wengi wameharibu hesi za fremu nzuri kwa kutumia nguvu mahali palipohitaji kujua.

Kwenye breki mzee alisimama na kufikiri. Mbele alifunga diski inayovutwa kwa waya. Nyuma, kwa kuwa fremu haikuwa na mahali pa diski, alifunga breki ya mikono miwili inayobana rimu ya alumini kwa mpira. "Ya mbele ndiyo baba," alieleza. "Ukibana breki, uzito wote unakimbilia mbele. Ya nyuma ni mama: inamtuliza baba asipindue nyumba."

WALIOUNGUZA GRISI

Si ajabu kwamba hata huko baiskeli za milimani zilikoanzia, kisa kikubwa kilikuwa breki. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene na kuziteremsha milimani kwa mashindano. Njia yao mashuhuri iliteremka mita zipatazo 400 katika umbali wa kilomita 3 hivi. Mashindano ya kwanza hapo yalifanyika Oktoba 1976.

Baiskeli zile zilisimamishwa kwa kukanyaga pedali kinyume, na breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma. Ikifika chini, habu ilikuwa imepata moto kiasi cha kuunguza grisi yote, ikabidi ifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Kwa sababu hiyo njia yenyewe iliitwa Repack, yaani kujaza upya. Ndipo vijana hao wakaanza kuunda baiskeli mpya zilizokusudiwa milima. Joe Breeze aliunda ya kwake ya kwanza mwaka 1977, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuziuza, fremu zikiundwa na Tom Ritchey. Shokapu za mbele za kampuni ya RockShox ziliingia sokoni miaka kumi hivi baadaye.

Bara letu halikuchelewa kuziona. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas Crane na binamu yake Richard, walizipandisha baiskeli za namna hiyo Mlima Kilimanjaro hadi kileleni, sehemu nyingine wakizibeba mabegani. Na Tom Ritchey yule yule alipozuru Rwanda mwaka 2005, aliona wananchi wakiteremsha mizigo kwa baiskeli za mbao kwenye vilima vyao. Baadaye alibuni baiskeli yenye keria ndefu nyuma kwa ajili ya wakulima wa kahawa, ili kahawa ifike kiwandani mapema kabla haijaharibika. Huyo alikuwa bingwa wa baiskeli za mashindano. Lakini vilima vya Rwanda vilimkumbusha kwamba kwa watu wengi duniani baiskeli ni chombo cha kubebea mavuno.

Na ukubwa wa kazi ya breki waweza kupimwa hata jikoni. Mtu, baiskeli na mzigo vikifikia kilo 100, kila vinaposhuka mita 100 kwenda chini kwa mwendo wa taratibu, joto linalozaliwa latosha kuchemsha glasi nzima ya maji baridi. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, lakini kubwa huingia kwenye breki. Mteremko ukiwa mrefu, ni glasi baada ya glasi.

SIKU YA MAJARIBIO

Majaribio yalifanyika asubuhi ya Jumamosi, wakati wa kiangazi, kwenye vijia vya mashambani karibu na Tosamaganga. Mzee alifika akiwa na mkoba wa spana, pampu, na mfuko wa viazi wa kilo 20. "Kamwene," alisalimia, nasi tukaitikia. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake mabegani, hakusema neno. Tulielezwa baadaye kwamba mwaka uliotangulia shemeji yake alivunjika mguu kwa baiskeli iliyokataa kusimama kwenye utelezi. Ilikuwa ya zamani, yenye breki za vyuma na rimu za kromu. Rimu za namna hiyo zikilowa huwa kama sabuni.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa bila mzigo. Baba aliondoka, na hatua chache tu spoku zikaanza kulia: ti, ti, ti. Tulishtuka, lakini mzee alicheka. Spoku mpya hujipinda kidogo wakati wa kukazwa, na zikipata uzito wa kwanza hujinyoosha na kutoa sauti. Hata hivyo alimrudisha baba, akaligeuza gurudumu, akakaza zilizolegea. Hilo ndilo somo la kwanza la siku hiyo: gurudumu jipya halijakamilika mpaka limepandwa na kukazwa tena.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa kupanda na mzigo. Baba aliweka gia ndogo, akapanda mwinuko ambao kwa miaka yote aliukokota. Lakini katikati, gurudumu la mbele likaanza kunyanyuka kama farasi mkorofi. Viazi vilikuwa vimefungwa juu ya keria na nyuma sana. Mzee akavigawa katika mifuko miwili, akavining'iniza ubavuni mwa gurudumu, chini na karibu na kiti. Akamwagiza baba ainamishe kifua mbele. Safari hii mbele palitulia. Somo la pili: mahali pa mzigo ni muhimu sawa na uzito wake.

Mzunguko wa tatu ulikuwa wa kushuka. Baba aliteremka mara tatu mfululizo, akisimama kila alipofika kwenye mti uliochaguliwa, na mzee akiweka jiwe pale gurudumu lilipotua. Mara ya kwanza na ya pili mawe yalikaa jirani. Mara ya tatu jiwe lilisogea mbali kidogo. Mzee akabana mkono wa breki ya nyuma, ukafika karibu na usukani: waya mpya ulikuwa umenyooka na kulegea. Aliuvuta na kuubana upya. Kisha akanyunyizia tone la maji kwenye diski ya mbele, likalia "chsss" na kupotea. "Mwandishi, usiguse," alinionya, "hapo pananyofoa ngozi."

Kila mtu alikuwa ameanza kutabasamu na kukusanya vyombo. Hapo ndipo mama aliposogea.

"Fundi," alisema kwa upole, "shikamoo tena. Mbona mnaijaribu kukiwa kukavu? Mimi sokoni naenda hata masika."

Pakawa kimya. Mzee aliitikia "marahaba, mwanangu," akaivua kofia yake na kujikuna kichwa. Kisha akaomba ndoo ya maji.

Walizilowesha breki zote mbili, matairi, na sehemu ya njia. Baba akateremka tena polepole. Breki ya mbele ilishika karibu kama mwanzo, kwa kuwa diski iko juu, mbali na tope, na maji hukauka upesi kwa joto. Ya nyuma iliteleza kwanza, ikafuta maji kwenye rimu, ndipo ikashika. Na jiwe la mzunguko huo likakaa mbele ya mengine yote. Mzee aliitazama kwa muda, akatoa mkobani vipande vya mpira laini zaidi, akavifunga badala ya vile vya kwanza, akavielekeza vizuri ili uso wote uguse rimu. Wakarudia. Jiwe likarudi nyuma. Halikufika pale lilipokuwa kukavu, wala mzee hakudai hivyo. "Mvua ni mvua," alisema. "Masika uanze kubana mapema, tena bana kidogo kidogo, ili mpira uifute rimu kabla hujauhitaji."

Mama akaomba kiti kishushwe. Akajifunga kitenge vizuri, akaipanda mwenyewe, na viazi vyake ubavuni. Alishuka taratibu, akibana na kuachia, kubana na kuachia, mpaka kwenye mti. Akasimama. Akageuka, akaweka gia ndogo na kupanda tena bila kukanyaga chini. Alipofika juu, akihema, baba alimwuliza aonaje. "Wiki hii nyanya," alijibu. "Mayai tutaona baadaye."

Ndipo fedha iliyobaki ikahesabiwa na kukabidhiwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Ndugu msomaji, pengine wewe huishi Tosamaganga. Pengine uko Mbeya, Njombe, Lushoto au Moshi, ambako nako nchi imepanda na kushuka. Au unaishi mjini tambarare na umemwahidi mwanao baiskeli akifaulu mtihani. Popote ulipo, yapo mambo machache ya kuchukua kutoka siku ile.

Kwanza, usinunue rangi. Inua baiskeli, zungusha kila gurudumu, na utazame rimu inavyopita kati ya mipira ya breki. Ikiyumba dukani, itayumba zaidi njiani. Donoa spoku na usikilize.

Pili, rekebisha kiti kabla ya kupanda. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kujinyoosha kwa nguvu. Ukihamisha unyayo kwenye nafasi yake ya kawaida, goti litakunjika kidogo, na hilo ndilo linalotakiwa. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti mlimani. Lakini kwa mteremko mkali, shusha kidogo, na usogeze mwili nyuma.

Tatu, badilisha gia kabla ya mlima kuanza, si katikati yake. Mnyororo uliovutwa kwa nguvu zote haukubali kuhama, na ukilazimishwa hukatika.

Nne, kwenye mteremko mrefu tumia breki zote mbili, na uzipumzishe. Simama njiani kama inabidi. Kamwe usiguse diski wala rimu mara baada ya kushuka.

Tano, baada ya wiki ya kwanza rudi kwa fundi. Spoku zitakuwa zimelegea, waya zitakuwa zimenyooka. Hilo si kosa la fundi, ndivyo vyombo vipya vilivyo. Fundi mwema hakasiriki ukirudi, hukasirika usiporudi.

Mwisho, usisahau kengele, taa na kiakisi cha nyuma. Ukungu wa asubuhi nyanda za juu ni mzito, na dereva wa lori hakuoni kwa sababu tu wewe unamwona.

Wazee wetu walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hiyo hutumiwa kwa mambo mengi: madeni, ugomvi, hata ndoa za pupa. Kwa baiskeli ya milimani haihitaji kufasiriwa. Yeyote atakayekuuzia chombo cha namna hiyo atakusifia jinsi kinavyopanda. Msikilize kwa adabu, mshukuru, kisha umwombe ndoo ya maji.